Fahamu michezo ya kompyuta ya kuigiza wahusika na mijadala ya mashabiki wake

MICHEZO ya kompyuta ni ya aina nyingi, lakini ni michache iliyozua mabishano marefu kama ile ya kuigiza wahusika. Kwa zaidi ya miaka 40 sasa, mashabiki wake wamekuwa wakivutana kuhusu namna inavyopaswa kubuniwa, na mara kadhaa mvutano huo umewalazimu watengenezaji kubadilisha bidhaa iliyokuwa tayari madukani.

Anayesikiliza kwa mbali huenda akadhani kuwa huo ni ugomvi wa vijana kuhusu majoka, mapanga na uchawi. Hata hivyo, masuala yanayobishaniwa ni mazito. Je, uamuzi una maana gani iwapo aliyeufanya hapati hasara yoyote? Je, hadithi ikishauzwa ni mali ya mtunzi au ya yule aliyeinunua?

Makala haya yanafafanua asili ya michezo hiyo, jinsi inavyofanya kazi, na hoja kuu ambazo zimewagawanya mashabiki na wabunifu tangu miaka ya sabini.

Maana yake

Katika mchezo wa aina hii, mchezaji huvaa nafsi ya mhusika mmoja au huongoza kundi la wahusika kadhaa. Mhusika hupewa sifa zinazopimwa kwa namba: nguvu, wepesi, akili, ufasaha wa kusema na kadhalika. Kadiri anavyopigana, kusafiri na kufumbua mafumbo, ndivyo anavyojikusanyia alama za tajriba. Alama hizo zikifika kiasi fulani, hupanda ngazi na kuwa hodari zaidi.

Katika mchezo wa kandanda au wa mbio za magari, ushindi hutegemea wepesi wa vidole vya mchezaji mwenyewe. Katika michezo ya kuigiza wahusika, ushindi hutegemea pia uwezo wa mhusika. Mchezaji mwerevu anaweza kumwongoza mhusika mpumbavu, na mchezaji mwoga akamwongoza shujaa. Pengo hilo baina ya mchezaji na mhusika ndilo chimbuko la mijadala mingi tutakayoitaja.

Chimbuko mezani

Asili ya michezo hii si kompyuta. Mnamo 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons kupitia kampuni ya TSR iliyokuwa katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Wote wawili walikuwa wapenzi wa michezo ya vita iliyochezwa mezani kwa vinyago vidogo vya askari.

Katika michezo hiyo ya vita, mchezaji mmoja aliamuru jeshi zima. Gygax na Arneson walimpa kila mchezaji mtu mmoja tu wa kumtunza. Mmoja wa waliohudhuria huwa msimamizi: hueleza wanachokiona wenzake, nao husema watakalofanya, kisha dadu hurushwa ili kuamua kama wamefaulu.

Waliokulia katika ngano za jioni wataelewa upesi. Kwetu, mtambaji hutamka "Paukwa", hadhira ikajibu "Pakawa", kisha hadithi ikaendelea jinsi mtambaji apendavyo. Katika mchezo wa Gygax na Arneson, hadhira iliruhusiwa kusema kwamba sungura hataingia pangoni, na mtambaji akalazimika kutafuta njia nyingine ya kuiendeleza hadithi.

Hapo ndipo tatizo kuu la ubunifu lilipo. Msimamizi ambaye ni binadamu anaweza kubuni jibu papo hapo. Kompyuta, kwa kawaida, haina ila majibu yaliyoandikwa mapema. Kila njia ambayo mchezaji anaruhusiwa kuifuata humgharimu mtengenezaji muda na fedha, na wachezaji wengi hawatawahi hata kuipitia.

Kutoka vyuoni hadi madukani

Mwaka mmoja tu baada ya mchezo huo kuchapishwa, wanafunzi waliokuwa wakitumia mtambo wa mafunzo wa PLATO, ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, walianza kuuiga. Mmoja wa michezo yao ya 1975 uliitwa pedit5, jina lisilo na mvuto lililosaidia kuuficha usigunduliwe na wasimamizi wa mtambo, ambao walikuwa wakifuta michezo ili kuokoa nafasi ya masomo.

Karibu 1980, Michael Toy na Glenn Wichman, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, walitunga Rogue. Ndani yake, vyumba na njia za chini ya ardhi hupangwa upya na kompyuta kila mara mchezo unapoanza. Mhusika akifa, amekufa; mchezaji hana budi kuanza upya.

Mnamo 1981, Andrew Greenberg na Robert Woodhead wa Chuo Kikuu cha Cornell walitoa Wizardry, ambapo mchezaji huongoza kundi la watu sita. Adui mkuu aliitwa Werdna na mfalme akaitwa Trebor, yaani majina ya watunzi hao yakisomwa kinyumenyume. Mwaka uo huo, Richard Garriott, mwana wa mwanaanga Owen Garriott, alitoa mchezo wa kwanza wa mfululizo wa Ultima.

Michezo hiyo miwili ilivuka bahari. Nchini Japani, Yuji Horii aliyeivutiwa nayo alitunga Dragon Quest mnamo 1986, na mwaka uliofuata Hironobu Sakaguchi akatoa Final Fantasy. Tangu hapo kukawa na matawi mawili. Kwa jumla, tawi la Japani liliegemea hadithi iliyokwisha kupangwa, ilhali lile la Marekani na baadaye Ulaya liliegemea uhuru wa mchezaji.

Fadhila zinazohesabiwa

Mjadala kuhusu maadili ulianza na barua. Garriott amesimulia kwamba aliposoma barua za wachezaji baada ya Ultima ya tatu, aligundua kuwa wengi wao walikuwa wakiwaibia wenye maduka na kuwaua wanavijiji wasio na hatia ili wajipatie nguvu haraka. Hatimaye watu hao hao walitangazwa kuwa mashujaa.

Jibu lake lilikuwa Ultima IV ya 1985. Hakukuwa na mfalme mwovu wa kuuawa. Mchezaji alitakiwa kujipamba kwa fadhila nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitolea, heshima, uchaji na unyenyekevu. Kabla ya safari, mtabiri alimuuliza maswali yaliyogonganisha fadhila mbili mbili, na majibu yake ndiyo yaliyoamua atakuwa mtu wa aina gani.

Mfano unaotajwa sana ni wa muuzaji kipofu wa dawa za uchawi. Mama huyo alimwachia mnunuzi ahesabu mwenyewe pesa anazolipa. Mchezaji aliyempunja hakukemewa wala kukamatwa. Mchezo ulinyamaza, lakini ukapunguza alama zake za ukweli, na bila alama hizo asingeweza kufika mwisho.

Wakosoaji walikuja na hoja ya haki kabisa. Mchezaji aliyeufahamu utaratibu huo aliweza kumpa maskini sarafu moja moja mara nyingi mpaka kipimo chake cha huruma kikajaa. Je, hiyo ni huruma au ni hesabu tu?

Swali hilo lilirejea miaka mingi baadaye. Michezo ya kampuni ya BioWare ya Canada, kama vile Star Wars: Knights of the Old Republic ya 2003 na Mass Effect ya 2007, ilipima mwenendo wa mhusika kwa alama za pande mbili. Katika Mass Effect 2 ya 2010, aliyechanganya pande hizo alijikuta amefungiwa baadhi ya kauli muhimu. Mashabiki wengi walilalamika kwamba waliacha kujiuliza lipi ni sawa, wakawa wanatafuta tu alama za upande waliouchagua tangu mwanzo.

Kwa zamu au papo hapo?

Suala jingine linalowagawa mashabiki ni namna ya kupigana. Kundi la kwanza hutaka mapigano ya zamu kama bao letu: unatafakari, unacheza kete zako, kisha unamwachia mwenzako. Kundi la pili hutaka mapigano ya papo hapo, ambapo adui hakungoji umalize kufikiri.

Mchezo wa Diablo, uliotoka mwaka wa 1996 ukimalizika, ulikuwa umebuniwa kwa zamu. Mtungaji wake mkuu, David Brevik, ameeleza jinsi alivyopinga mabadiliko, kisha akajaribu kuubadilisha uende papo hapo na kukubali mara moja kuwa wenzake walikuwa sahihi. Mchezo huo ulipata umaarufu mkubwa, na wengi wakaamini kwamba enzi ya zamu imekwisha.

BioWare ilichagua njia ya kati. Katika Baldur's Gate ya 1998, mapigano huenda papo hapo lakini mchezaji anaweza kuyasimamisha wakati wowote, atoe amri, kisha ayaruhusu yaendelee. Watetezi wa mtindo huo husema unaunganisha kasi na busara. Wapinzani wake husema hauna kasi ya kutosha wala utulivu wa kutosha.

Wakati kampuni ya Larian ya Ubelgiji ilipoonyesha Baldur's Gate 3 mnamo Februari 2020, ilidhihirika kuwa mapigano yatakuwa ya zamu. Baadhi ya mashabiki wa kale waliona huo ni usaliti wa jina. Wengine walijibu kwamba mchezo wa mezani ambao ndio asili ya yote umekuwa wa zamu daima. Mchezo huo ulipofaulu mnamo 2023, waliosema kwamba zamu haziuziki walipungukiwa na hoja.

Upanga unaogusa bila kuumiza

Sambamba na mjadala huo kuna ule wa dadu. Katika Morrowind, mchezo wa kampuni ya Bethesda uliotolewa 2002, mchezaji huona kwa macho yake upanga ukimgusa adui, lakini adui asiumie. Sababu ni kwamba kompyuta imerusha dadu kimyakimya na kuamua kuwa mhusika huyo hajajifunza vyema kutumia upanga.

Wapo waliokasirika na kusema kwamba macho yao yanadanganywa. Wapo pia waliotetea wakisema kuwa anayepigana ni mhusika, na mwanagenzi hawezi kupiga kama fundi. Katika Oblivion, mchezo uliofuata wa 2006, Bethesda iliondoa dadu hizo: ukimgusa adui, unamuumiza.

Oblivion ilizua malalamiko mapya. Maadui wengi walipanda ngazi sambamba na mchezaji, hivi kwamba wanyang'anyi wa barabarani waliokuwa wakidai sarafu chache walionekana baadaye wamevaa deraya za thamani kubwa kuliko fedha walizokuwa wakizitafuta. Mashabiki waliuliza: kuna faida gani kupata nguvu iwapo dunia nzima inapata nguvu pamoja nawe? Baadhi yao walitengeneza programu za kuurekebisha mchezo na kuzisambaza bure.

Tofauti nyingine ilihusu njia. Morrowind ilimweleza msafiri kwa maneno: fuata mto, pita daraja, kata kushoto kwenye jiwe kubwa. Oblivion iliweka dira yenye alama inayoonyesha pa kwenda. Iliokoa muda, lakini mashabiki wa kale walisema mchezaji huishia kuikodolea macho alama hiyo badala ya kuitazama nchi anayopitia.

Uamuzi na gharama yake

Wengi wanaokubaliana kwamba uamuzi lazima uwe na matokeo hutaja Fallout, mchezo wa 1997 wa kampuni ya Interplay ulioongozwa na Tim Cain. Hadithi yake hutokea California baada ya vita vya nyuklia. Mhusika hutumwa kutafuta kifaa cha kusafisha maji ili kuwaokoa watu wake walio chini ya ardhi, naye ana siku 150 tu.

Katika Fallout, mhusika aliyenyimwa akili mwanzoni hawezi kutamka sentensi kamili, na watu wengi hukataa kuzungumza naye. Kinyume chake, mhusika mwenye akili na ufasaha anaweza kumkabili adui mkuu bila silaha. Akikusanya ushahidi kwamba viumbe anaowaunda hawawezi kuzaa, humwonyesha kuwa mpango wake hauna mustakabali, na adui huyo hujiangamiza mwenyewe.

Hata mchezo huo uliosifiwa haukusalimika. Baada ya kifaa kupatikana, kulikuwa na muda mwingine uliowekwa kabla ya maadui kuvamia. Wachezaji waliona wanaharakishwa na kunyimwa nafasi ya kuzuru miji, na marekebisho yaliyotolewa baadaye yakauondoa kikwazo hicho. Hapa mashabiki walishinda, ingawa wapo wanaoamini hadi leo kwamba bila saa kuwatisha, hatari ya hadithi ilipungua.

Morrowind nayo ilimruhusu mchezaji kumuua karibu kila mtu. Akimuua aliye muhimu kwa hadithi, ujumbe ulimjulisha kwamba ameukata uzi wa utabiri. Ama arudi nyuma au aendelee kuishi katika dunia aliyoiharibu. Katika Oblivion, watu wa namna hiyo walizimia tu kwa muda kisha wakainuka. Upande mmoja ulisema huko ni kumlinda mchezaji asijikwamishe. Upande wa pili ulisema kuwa uhuru usio na uwezekano wa kukosea ni uhuru wa jina tu.

Majuto ni mjukuu, isipokuwa kwenye kompyuta

Waswahili husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwenye kompyuta, mjukuu huyo huweza kufutwa. Mchezaji huhifadhi mchezo kabla ya kuamua, huona matokeo, na yasipompendeza hurudi nyuma na kuchagua tena. Tabia hii imejadiliwa mno na mashabiki kwa kuwa inadhoofisha kila uamuzi.

Wabunifu wamejaribu dawa mbalimbali. Ya Rogue ni kali kuliko zote, kwamba kifo hakina marudio. Wafuasi wake ni wengi, na mchezo wa NetHack uliotokana na mkondo huo mnamo 1987 umeendelea kutunzwa na watu wanaojitolea bila malipo.

Dawa ya pili ilitoka Poland. Katika The Witcher ya 2007, mchezo wa CD Projekt unaotokana na vitabu vya Andrzej Sapkowski, matokeo ya uamuzi mara nyingi hujitokeza baada ya saa nyingi za kucheza. Mchezaji anapotambua kosa lake, kurudi nyuma humaanisha kupoteza kazi ya siku kadhaa. Wengi huona heri kuishi na walichokitenda.

Mtunzi na mchezaji

Si mashabiki wote wanaodai uhuru. Katika Final Fantasy VII ya 1997, mhusika apendwaye aitwaye Aerith huuawa, na hakuna hila ya mchezaji inayoweza kumwokoa. Watetezi wa tawi la Japani husema kwamba huzuni hiyo imedumu katika kumbukumbu za watu kwa sababu hawakupewa njia ya kuikwepa, kama vile msomaji wa riwaya asivyoweza kumwokoa shujaa.

Planescape: Torment ya 1999, ambayo mbunifu wake mkuu alikuwa Chris Avellone, ilijaribu kuziunganisha njia hizo mbili. Mhusika wake hafi. Kila akiuawa huamka tena, huku akiwa amesahau maisha yake ya awali. Yeye huzunguka akikutana na watu aliowadhulumu bila kukumbuka. Mapigano yake hayakusifiwa, na mauzo yalikuwa ya wastani, lakini maandishi yake yaliufanya uwe kigezo ambacho wengine hupimwa nacho.

Aliyekichukua kigezo hicho mbali zaidi ni Robert Kurvitz wa Estonia pamoja na wenzake waliotunga Disco Elysium ya 2019. Mchezo huo hauna mapigano ya kawaida. Mhusika ni mpelelezi mlevi aliyepoteza kumbukumbu, na ujuzi wake 24 humsemesha akilini kana kwamba ni watu, kila mmoja akimvuta upande wake. Dadu mbili hurushwa ili kuamua kama ataweza hata kusema uongo au kujizuia kulia. Ulithibitisha kuwa kushindwa kwenyewe kunaweza kuwa sehemu tamu ya hadithi.

Nani mwenye mwisho wa hadithi?

Mvutano mkali zaidi ulihusu miisho ya hadithi. Bethesda ilipotoa Fallout 3 mnamo Oktoba 2008, mchezo ulimalizika kwa kumtaka mhusika kujitoa mhanga katika chumba chenye mionzi hatari. Mashabiki walikumbusha kwamba mhusika angeweza kuwa na rafiki asiyedhuriwa na mionzi, ambaye hata hivyo alikataa kuingia kwa kisingizio cha majaaliwa. Nyongeza iliyouzwa mwaka wa 2009 ilimruhusu rafiki huyo aingie na mchezo ukaendelea.

Kisa kikubwa zaidi kilitokea Machi 2012, BioWare ilipotoa Mass Effect 3. Wachezaji waliokuwa wamefanya maamuzi katika michezo mitatu kwa miaka mitano walipewa miisho ambayo waliiona kuwa inafanana mno. Walianzisha kampeni ya kuipinga, na baadhi yao wakachangia zaidi ya dola 80,000 kwa shirika linalosaidia watoto wagonjwa, ili kuonyesha kwamba hoja yao haikuwa matusi tu. Juni mwaka huo, BioWare ilitoa bila malipo nyongeza iliyofafanua miisho hiyo.

Kuna waliolaani hatua hiyo. Walisema kuwa mchoraji haombwi kupaka rangi upya picha iliyokwisha kutundikwa ukutani. Wapinzani wao walijibu kuwa mchezaji aliahidiwa kwamba maamuzi yake yatazingatiwa, na ahadi ni deni. Hoja hii ya pili ina uzito, kwa kuwa katika michezo hii mchezaji si mtazamaji tu. Hata hivyo, ni vyema kutofautisha kudai ahadi itimizwe na kudai hadithi imfurahishe kila mtu.

Mashabiki wanapotoa pesa

Mwaka uo huo wa 2012 uhusiano huo ulichukua sura mpya. Brian Fargo, mwasisi wa Interplay, alikuwa ameshindwa kupata kampuni ya kugharamia mwendelezo wa Wasteland, mchezo wake wa 1988. Aliwageukia mashabiki kupitia Kickstarter akiomba dola 900,000. Watu zaidi ya 61,000 walichanga takriban dola milioni 2.9, na Wasteland 2 ikatoka Septemba 2014.

Larian nayo iliuza sehemu ya kwanza ya Baldur's Gate 3 kuanzia Oktoba 2020 huku ikiendelea kuutengeneza mchezo huo. Kwa karibu miaka mitatu iliyofuata, wanunuzi walicheza, wakalalamika na kupendekeza. Mchezo kamili ulitoka Agosti 2023 na kutunukiwa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards, Desemba mwaka huo. Hata hapo mashabiki hawakunyamaza: walisema mwisho wake ni wa haraka mno, na kabla ya Desemba kuanza Larian ilikuwa imeongeza sura ya kuwaaga wahusika.

Faida ya utaratibu huu ni kuwa wabunifu hupata fedha na maoni mapema. Hatari yake ni kwamba aliyetoa pesa mapema hujiona mbia, na sauti kubwa zaidi si lazima iwe ndiyo yenye busara zaidi.

Sauti ya Afrika

Kwa muda mrefu, falme, miungu na mazimwi ya michezo hii yamechotwa katika ngano za Ulaya na Japani. Kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Cameroon, ilijaribu kubadilisha hali hiyo ilipotoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mnamo Aprili 2016, baada ya kuchangisha sehemu ya fedha kwa umma. Mchezo huo wa mapigano ya papo hapo unamhusu mwanamfalme Enzo na mkewe Erine, ambao hupinduliwa siku ya kutawazwa na kulazimika kwenda uhamishoni.

Jambo la kuzingatiwa na vijana wetu wanaosomea uundaji wa programu ni kwamba fasihi simulizi ya Kiafrika ina utajiri wa kutosha kwa kazi hii. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu anayesifika kwa nguvu, ufundi wa mashairi na werevu wa kuponyoka gerezani, ana sifa zote ambazo wabunifu wa ng'ambo hutumia miezi kuzibuni.

Vigezo vya kupimia

Kwa mzazi anayetaka kujua kilichomo ndani ya mchezo wa mwanawe, au kijana anayetarajia kubuni wake, mijadala hii imeacha maswali manne yanayofaa kuulizwa. Je, mchezo unaweza kumalizika bila kuua? Je, uamuzi wa mchezaji hubadilisha jambo lolote linaloonekana baadaye? Je, mhusika dhaifu huishi maisha tofauti na yule mwenye nguvu, au wote hupita mlango mmoja? Na mwisho, je, mchezo humtuza anayetenda mema kwa haraka kiasi kwamba wema wenyewe hugeuka biashara?

Mchezo wenye majibu mazuri kwa maswali hayo hauhitaji picha za kupendeza ili udumu. Ultima IV ilichorwa kwa vijimraba vichache vya rangi, na ni zaidi ya miaka 40 tangu itolewe. Bado mashabiki wanabishana kuhusu yule mama kipofu na kiasi cha pesa alichostahili kulipwa.